Buibui Wangu wa Debeni

Nilimpata shambani nikiwa darasa la saba, buibui mwenye manyoya, mdogo kama ukucha wa gumba. Nikamtia mkebeni na udongo, chakula mchwa, maji tone moja tu asije akazama. Alipokua nikamhamishia debe lenye udongo mwingi, maana hawa hupenda kuchimba. Akawa anakula nyenje na kunywa kwenye kifuniko cha soda.

Juzi alikataa chakula, akalala chali. Mama akasema, "Si amekufa huyo! Katupe chooni." Kumbe alikuwa anajivua ngozi! Lakini ole wangu, nilisahau kumtoa nyenje. Mwili ungali laini, nyenje akamtafuna mguu.

Sasa ana miguu saba. Mwalimu wa baolojia asema wa nane utaota atakapojivua tena. Nangoja.