Siku Mbili Mjini Salem

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kijana mmoja wa Unguja, aliyekuwa akisoma Boston, alilijua neno hili tangu utotoni, lakini maana yake hakuipata mpaka alipokwenda kutembea Salem kwa siku mbili. Mji huo umo katika jimbo la Massachusetts, mwendo wa nusu saa kwa gari moshi kutoka Boston, nao ulianzishwa mwaka 1626. Wenziwe walivutwa huko na habari za wachawi. Yeye alivutwa na nguo.

Nyumbani kwao bibi yake alikuwa na kipande cha merikani ndani ya kasha, alichorithi kwa bibi wa bibi yake. Kila kijana alipouliza habari za mwenye nguo, alijibiwa neno moja: "Lifunge kasha, mjukuu wangu." Basi akaamua kulifuata jina la nguo lilikotoka.

Jumamosi alisimama mbele ya forodha iliyojengwa mwaka 1819, akatembea mpaka ncha ya gati la Derby, ambalo urefu wake ni karibu nusu maili. Siku hiyo bahari ilikuwa shwari na gati tupu. Zamani merikebu za mji huu zilikwenda Unguja na shehena za merikani, zikarudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na balozi wake wa kwanza aliyekaa Unguja, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Kijana alifurahi kama mtu aliyekuta jina la babu yake katika daftari la wageni.

Usiku furaha ile iliingia doa. Katika kitabu alichochukua alisoma kwamba pamba ya nguo zile ililimwa na watumwa wa kusini ya Marekani, ikafumwa katika viwanda vya kaskazini. Na kwamba kule Unguja merikani isiyotiwa rangi ilikuwa vazi la watumwa wengi. Mtumwa aliichuma na mtumwa aliivaa. Kati yao walipita matajiri wa pwani mbili. Kijana alifunga kitabu. Sasa alielewa kwa nini kasha lilifungwa.

Jumapili alikwenda penye ukumbusho wa mwaka 1692. Mwaka huo watu 19 walinyongwa kwa kusingiziwa uchawi, na mzee mmoja aliuawa kwa kugandamizwa kwa mawe. Ukutani yametokeza mabamba 20 ya mawe, kila moja na jina la mtu, tarehe na namna ya kifo chake. Langoni, chini, yamechongwa maneno ya wale waliolia kwamba hawana hatia. Ukuta umeyakata katikati, kama masikio ya mahakimu yalivyoyakata. Ukumbusho huu ulifunguliwa mwaka 1992. Mji ulikawia miaka 300, lakini haukuacha majina yapotee. Juu ya mabamba wapita njia walikuwa wameweka maua.

Kijana alikaa hapo kitambo kirefu. Aliona kuwa aibu ya utumwa si ya aliyefungwa, bali ni ya aliyefunga. Na aliyedhulumiwa, jina lake likifichwa, hudhulumiwa mara ya pili na watu wake mwenyewe. Salem ilikuwa imewapa wake majina. Yule mwanamke wa kasha hakuwa na jiwe Salem wala Unguja. Alikuwa na kipande cha nguo tu.

Katika gari moshi la jioni alianza barua kwa bibi yake. Alikuwa amekusudia kumsimulia merikebu na mabalozi. Baada ya salamu na kumtakia afya, aliandika sentensi moja: "Bibi, kwa heshima na taadhima, nakuomba ulifungue kasha, uniambie mwenye nguo aliitwa nani."