Dohani ya Mama Yahamishwa

Wengi wetu tunaoishi mijini, tukienda mashambani kwa siku mbili tatu, husifu sana chai iliyopikwa kwa kuni. Chai ni tamu, naam. Lakini moshi tunamwachia mama.

Kwetu ni Nyamira, upande wa Kebirigo, kwenye majani chai. Yeyote aliyewahi kulala huko mwezi wa Julai anajua baridi ya nchi ile. Vilima vya Kiabonyoru hupita mita 2,000 juu ya bahari, na ukungu huweza kukaa hadi saa nne. Moto wa jikoni basi si wa kupikia tu, ndio unaopasha nyumba nzima joto.

Marehemu baba alijenga nyumba yetu ya matofali mwaka 1976, jiko likiwa ukuta mmoja na sebule, na bomba la moshi likitokea upande wa mashariki. Lilifanya kazi vizuri kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1998 kikaongezwa chumba upande ule ule, na mdomo wa bomba ukabaki chini ya paa la chumba kipya. Chumba hicho ndicho anacholala mama sasa. Kila jioni moshi ukitoka jikoni, unaingia kwake kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na mabati.

Mama ana miaka 78. Alianza kukohoa usiku kucha, na macho yake yakawa mekundu kama ya mtu aliyelia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020 pekee. Nilipomwambia hivyo, alinijibu, "Mwanangu, mimi nimeula moshi huu tangu nizaliwe."

Ndugu yangu mkubwa alitaka njia ya mkato: bomba lipite ukuta wa magharibi, likilala, kisha lipinde mara mbili kukwepa tangi la maji. Fundi wa jua kali tuliyemtoa mjini Kisii alikataa katakata. Moshi, alieleza, hupanda kwa sababu una joto na ni mwepesi kuliko hewa ya nje. Ukiulaza, unapoa, ukiukunja, unasita, kila kona ni masizi. Bomba lisimame wima, ndani ya nyumba linapopata joto, na mdomo wake upite kilele cha paa kwa futi 2, la sivyo upepo utaurudisha moshi chini.

Kwa hiyo jiko lenyewe ndilo lililohama, likaenda kona ya magharibi. Kazi ngumu ikawa darini. Mbao za mwaka 1976 zimekauka kama njiti za kiberiti, na bomba tupu lisilofunikwa halifai kukaribia mbao hata kwa futi moja na nusu. Fundi alikata tundu pana, akaondoa kipande cha boriti na kutia mbao mbili za kuibeba pembeni, halafu akafunika tundu kwa bati. Juu ya paa akavika bomba kola ya bati, ukingo wake wa juu ukiingia chini ya mabati ili mvua isipenye. Mvua ya kwetu haina msimu wa kupumzika, nayo ilikuja siku ile ile kuikagua kazi!

Ubishi mkali haukuwa wa gharama. Ulikuwa wa mahindi. Mama alikuwa akitundika mbegu zake na wimbi juu ya moto, kwani moshi hufukuza dumuzi. "Mkiutoa moshi wote nje, mbegu zangu nitazilinda na nini?" aliuliza. Ndugu yangu alicheka, lakini swali lilikuwa la haki, na sisi watoto wa mjini hatukuwa tumeliwaza. Mwishowe tulimjengea kibanda kidogo cha mafiga matatu nyuma ya migomba, kisicho na dohani, cha kukaushia mbegu.

Mjukuu hupanda juu kila baada ya miezi mitatu kukwangua masizi. Tundu la zamani limezibwa kwa matofali, na mama amepigilia hapo rafu ya kuweka redio yake. Kikohozi cha usiku kimepungua, ingawa asubuhi bado humshika. Shemeji ananiambia kwamba jioni zingine humkosa mama ndani ya nyumba, akamkuta kule kibandani, ameketi kando ya mafiga.