Werevu wa Nyumbani na Mlango Uliofungwa

Lugha ya Kipsigis hutofautisha werevu wa aina mbili: kuna mtoto aliye ng'om en sukul, yaani anayeshika masomo, na kuna aliye ng'om en ga, mwerevu wa nyumbani, anayejua ndama wamefungwa wapi na mdogo wake analilia nini kabla hajaambiwa na mtu. Tofauti hiyo iliandikwa na Sara Harkness na Charles Super, watafiti wa Kimarekani walioishi Kokwet, jamii ya Wakipsigis katika wilaya ya Kericho ya wakati huo nchini Kenya, mapema miaka ya 1970, na ambao mwaka 1986 walieleza dhana ya kiota cha makuzi, maana yake mazingira anamoishi mtoto, desturi za kumlea na imani za walezi wake zikitazamwa kwa pamoja.

Dhana hiyo ina uzito wa pekee kwa wazazi wa Kericho na Bomet waliohamia Texas au Minnesota nchini Marekani, wakiwamo wauguzi na watunzaji wa wazee. Huko walikotoka, kwenye vilima vya majani chai, mzazi hakuhitaji kumuuliza mtoto moyo wake ukoje, kwa kuwa aliusoma katika kazi zake: mvulana aliyezoea kuwarejesha ng'ombe kabla ya jua kuzama akianza kuwasahau mtoni, kogo, yaani nyanya yake, alijua kuna jambo. Hicho kilikuwa kipimo halisi cha afya ya akili, na wanaokiita ujinga wanakosea. Minnesota hakuna ng'ombe wa kusahauliwa. Kuna chumba chenye mlango uliofungwa, na mama anayerudi kutoka zamu ya usiku wakati basi la shule linaondoka. Mnasihi wa shuleni, mtu aliyesomea kuwasikiliza wenye dhiki, hupima kwa maneno, ilhali mtoto aliyefunzwa kwamba kunyamaza mbele ya mkubwa ni heshima hana maneno hayo, na ukimya wake huchukuliwa kuwa utulivu au kiburi.

Hata hivyo kipimo cha nyumbani nacho kina upofu wake. Sonona, yaani huzuni nzito inayodumu kwa majuma na kumnyima mtu usingizi na hamu ya kuishi, si lazima iharibu kazi ya mikono, hivyo mtoto mtiifu kupita wote anaweza kuumia bila kuonekana. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba nusu ya maradhi ya akili huanza kufikia umri wa miaka 14, miaka ileile ambayo mvulana anakaribia tumdo, yaani jando, ambamo kuvumilia bila kukunja uso ndiko ushujaa. Sheria nayo ilizidisha ukimya: hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu tarehe 9 Januari 2025, aliyejaribu kujiua nchini Kenya alihesabiwa mhalifu, na familia ilikuwa na sababu ya kumficha badala ya kumpeleka hospitalini.

Mzazi wa nyumba mbili anahitaji vipimo vyote viwili. Mtoto wa ughaibuni apewe kazi ambayo nyumba inaitegemea kweli, kama kupika ugali wa jioni, na mzazi asimame karibu naye jikoni, kwani mikono ikishughulika, mdomo hulegea. Na akishuku kwamba mtoto anawaza kifo, amuulize waziwazi, maana utafiti umeonyesha kwamba swali hilo halipandikizi wazo hilo. Kwa mtoto aliyeachwa na kogo huko Sotik, Bomet, kogo asiulizwe kama mtoto yuko salama, kwa kuwa atajibu kwamba yuko salama. Aulizwe kama mtoto anakula na wenzake, kama analala, kama bado anawafuata ndama. Saa moja jioni ya Sotik ni saa nne au saa tano asubuhi Dallas, wakati ambao mzazi wa zamu ya usiku anatamani kitanda, na ndio wakati ambao kogo amemaliza kukamua na anaweza kueleza siku ya mtoto ilivyokwenda.