Jiwe la Nyuma ya Tairi

Jumamosi asubuhi Kinyerezi ina sauti zake. Mashine ya kufyatulia tofali inaanza kunguruma kabla jua halijakolea, bodaboda wanashindana kupanda kilima cha kuelekea Kifuru, na nyuma ya kuta ambazo bado hazijapigwa plasta husikika kitu kimoja ambacho fundi huyu hawezi kukipita bila kusimama: mpini wa jeki ukipanda na kushuka, kwi-kwi, kwi-kwi. Masikio yake huhesabu yenyewe. Mpini ukinyamaza, hungoja mlio wa chuma kikiguswa na chuma, yaani stendi inawekwa. Mara nyingi hasikii kitu ila redio.

Anayeandika habari hizi ndiye fundi mwenyewe. Alijaribu kuziandika kwa "mimi", akaona kila sentensi inataka kumtetea. Akaamua kumtazama mtu huyu kwa mbali kidogo, kama mteja anavyomtazama fundi aliye chini ya gari: unaona miguu, unasikia sauti, mengine unakisia.

Alianza kazi mwaka 1989, Gerezani, akiwa na miaka 17. Spanaboi wa wakati huo hakuwa na mshahara. Alikuwa na sahani ya wali mchana, nauli ya kurudi nyumbani, na haki ya kutukanwa na kila mtu. Magari yaliyoingia yalikuwa Peugeot 504, Datsun 120Y na Land Rover 109 zilizokwisha kukarabatiwa mara nyingi hadi hakuna aliyejua kipi kilitoka kiwandani. Vipuri vilianza kupatikana baada ya miaka ya ukame, lakini vifaa vya kazi vilibaki vilevile. Gereji nzima ilikuwa na jeki moja ya chupa iliyokuwa ikilia mafuta. Stendi hawakuwa nazo. Gari likishapanda, waliingiza rimu mbili za Land Rover, moja juu ya nyingine, na mzee wao, mtu wa Tanga mpole asiyependa kurudia neno, alizipigapiga kwa kiganja kana kwamba anampapasa ng'ombe.

Mzee huyo alikuwa na sheria moja tu. Kabla ya jeki, jiwe. Jiwe lenyewe lilikuwa la kijivu, ukubwa wa kichwa cha mtoto, na lilikaa mlangoni kama mtu wa nyumbani.

Mwaka 1991 ililetwa pikapu ya 504 ibadilishwe bushi za springi za nyuma. Uchochoro ulikuwa na mteremko mdogo, ule ambao jicho halioni ila maji yanauona. Waliipiga jeki nyuma, jiwe likiwa limekingwa kwenye tairi la mbele. Mwenzake, kijana aliyemzidi mwaka mmoja, akaingia uvunguni. Rimu hazijawekwa bado. Boliti moja tu, dakika tano. Boliti ikagoma. Nyundo ilikuwa kwa fundi mwingine upande wa pili wa barabara. Spanaboi wetu akaangaza huku na huku akitafuta kitu kizito cha kugongea, akakiona.

Gari lilisogea kiasi cha upana wa kiganja. Si zaidi. Jeki ya chupa ina kitako kidogo na shingo ndefu. Haihitaji zaidi ya hapo. Ilipinduka, nyuma ya pikapu ikakaa chini, na mguu wa yule kijana ukavunjika chini ya goti. Watu sita waliinyanyua kwa mikono. Mteja mwenyewe ndiye aliyekodi teksi ya kwenda Muhimbili. Vumbi lilipotulia, mzee wa Tanga aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jiwe liko wapi?"

Lilikuwa mkononi mwa fundi huyu.

Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemfukuza. Mwenye gereji alisema ni bahati mbaya, akachangia hela ya dawa, na kazi ikaendelea Jumatatu. Mwenzake alirudi baada ya miezi mingi akichechemea, akaacha ufundi, akaingia kwenye biashara ya vipuri. Ilipita miaka 13 kabla hawajakaa mkeka mmoja, kwenye msiba Buguruni, na fundi akapata moyo wa kumwambia ukweli. Mwenzake alimwacha amalize. "Najua," akasema. "Niliuona mkono wako ukilichukua. Nikadhani utalirudisha."

Kwa nini handbreki haikulizuia gari? Swali hilo alikaa nalo miaka saba. Mwaka 1998, akijiandaa kwa mtihani wa Daraja la III, alihudhuria masomo ya jioni Chang'ombe, na mwalimu akalijibu kwa chaki katika mstari mmoja: kwenye magari mengi handbreki hushika matairi ya nyuma peke yake. Ukiyainua hayo hewani, umeinua na breki yako. Ile 504 ilikuwa imesimama juu ya matairi mawili ya mbele yaliyo huru kama ya mkokoteni, na kilichokuwa kikiizuia dunia nzima ni jiwe. Fundi alitoka nje ya darasa akajifanya anakwenda chooni.

Tangu hapo ameyachunguza magari kwa swali hilohilo: likiwa juu, nini kinalishika? Majibu yanatofautiana hata kwa magari yenye jina moja. Noah ya zamani, iliyotoka kabla ya mwishoni mwa 2001, huendeshwa na matairi ya nyuma. Ukiinua nyuma yake, gia ya P inashika matairi yanayoning'inia, na handbreki inashika yaleyale. Umebaki mikono mitupu. Noah iliyofuata huendeshwa na ya mbele, kwa hiyo ukiinua nyuma, P bado inakusaidia. IST nyingi ni za mbele pia. Lakini hapo pana mtego mwingine: ukiinua tairi moja tu la mbele, difu inaliruhusu lile la hewani kuzunguka kinyume, na mwenzake wa chini aweza kuviringika ingawa gia iko P. Dereva anayejiamini kwa sababu "nimeweka P" anaamini kitu ambacho hakipo. Kabari ya mbao mbele na nyuma ya tairi lililobaki chini haina hesabu ngumu kama hizo.

Lugha nayo imetuponza kidogo. Tunasema mtu kapigwa jeki tukimaanisha kapewa msaada akasimama: mfanyabiashara kapigwa jeki na mkopo, timu imepigwa jeki na mdhamini. Ukilisikia neno hilo miaka yote, unadhani jeki ni kitu cha kutegemewa. Fundi angependa wahariri wa magazeti waje uvunguni nusu saa. Jeki ya mafuta ni mabomba mawili, jembamba unalopampu na nene linalobeba. Mfaransa Blaise Pascal alieleza kanuni yake katika karne ya 17: msukumo ndani ya umajimaji uliofungiwa huenea sawa kila upande, ndiyo maana mkono mmoja unainua Land Cruiser. Ila kinachozuia Land Cruiser hiyo isirudi ni pete ya mpira yenye unene wa kamba ya kiatu na vali ndogo yenye gololi. Mpira ukichakaa, gari linashuka polepole usilione. Ukipasuka, unaliona. Na wapo wanaojazia jeki mafuta ya breki kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Mafuta hayo huilainisha na kuivimbisha ile pete, na jeki inakufa ikiwa bado inang'aa rangi.

Ile ya mkasi inayokaa kwenye buti haina mafuta, lakini haina kitako cha maana pia. Ilitengenezwa kwa kazi moja, kubadilisha tairi njiani huku wewe ukiwa nje ya gari. Mtu akiingia chini ya gari lililoshikwa na mkasi, fundi hupandwa na baridi hata mchana wa Februari.

Alihamia Kinyerezi mwaka 2007, alipopata kiwanja kwenye kilima kinachotazama bonde la Msimbazi. Mikorosho ilikuwa mingi kuliko nyumba. Baadaye lilikuja bomba la gesi kutoka Mtwara, mitambo ya umeme ikajengwa, malori ya mizigo mizito yakapasua vumbi la mtaa, na nyuma yake wakaja wenye mishahara, kila mmoja na gari la kwanza maishani mwake. Fundi alifungua gereji ndogo pembeni ya barabara akidhani atawatengenezea wote. Kumbe wengi wanapenda kujitengenezea. Wanatazama video usiku, Jumamosi wanavua shati la kazi na kushika spana. Fundi hawalaumu. Kumwaga oili au kubadilisha pedi za breki si uganga, na mtu anayelijua gari lake humsumbua fundi kidogo.

Tatizo ni kile walichonacho uani. Kinyerezi kila mtu anajenga, na kila aliyejenga amebakiza tofali. Kwa hiyo gari likipanda, tofali zinaingia chini. Tofali la saruji hubeba ukuta kwa sababu uzito umesambaa juu yake lote. Ukiliwekea ncha ya chuma katikati, linapasuka. Mbao hulia kabla ya kuvunjika, inakupa nafasi ya kuviringika utoke. Tofali halisemi. Na hizi za mtaani, ambazo mfuko mmoja wa saruji umefyatua tofali nyingi kuliko dhamiri inavyoruhusu, hata kuzibeba kwenye toroli ni kwa tahadhari. Halafu kuna mchanga. Nyua nyingi hapa ni kichanga, na jeki iliyobeba gari hudidimia upande mmoja kama mlevi anayeegemea ukuta. Kipande cha mbao ngumu chini yake, kipana kama sinia, kingetosha.

Nchi ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, lakini mkaguzi hana sababu ya kugonga geti la mtu anayebadilisha pedi zake mwenyewe. Kazi hiyo imebaki kwa jirani mwenye masikio. Fundi amegundua kuwa kijana msomi hapendi kuambiwa "toka huko" mbele ya mke wake. Basi ana hila yake. Hupiga hodi, na mazungumzo huenda hivi, kama yalivyokwenda mwaka jana kwa mhasibu mmoja mwenye Noah ya zamani, nyuma ikiwa juu ya tofali mbili:

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niletee maji ya kunywa, kilima hiki kimenimaliza."

Hakuna mtoto wa watu anayemnyima mzee maji. Kijana alijiburuza nje, akafuta mikono, akaingia ndani. Fundi amekunywa maji mengi sana Jumamosi za Kinyerezi. Glasi ilipofika, alikuwa ameshachuchumaa akitazama ufa uliokuwa ukitembea kwenye tofali la kulia.

"Nani amekushikia gari?"

"Liko kwenye P, mzee. Na handbreki nimevuta."

Walianza upya pamoja. Gari likashushwa, nati za matairi zikalegezwa likiwa bado chini, maana kuzikazania gari likiwa juu ndiko kunakoliangusha. Kabari mbili kwa kila tairi la mbele. Ubao, kisha jeki katikati chini ya difu. Stendi kushoto na kulia chini ya ekseli, na jeki ikashushwa taratibu hadi uzito ukakaa kwenye chuma. Matairi yaliyofunguliwa yakalazwa chini ya bodi ubavuni. Yote mengine yakishindwa, gari litaangukia tairi na si kifua. Mwisho fundi akaliegemea gari kwa bega, akalisukuma kwa nguvu kabla mtu yeyote hajainama. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Hawakuwa na Noah, hawakutaja kwamba kwanza asukume.

Stendi zile ni zake, tani 3 kila moja, alizinunua Kariakoo. Zina pini inayopita katikati ya matundu, kwani fundi hazipendi zile za meno. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliita zirudishwe stendi zaidi ya milioni moja na nusu za namna hiyo, baada ya kubainika kwamba meno huenda yasishike sawasawa na stendi ikajishukia. Aliposoma habari hiyo kwenye simu alikwenda kuzitazama pini zake, ingawa alijua ziko salama.

Siku ile mhasibu aliomba kuazima stendi kwa Jumamosi nyingine. Fundi akakubali, akaandika kwenye daftari la watoto. Wiki iliyofuata akaja mwalimu wa sekondari, kisha dada mmoja mwenye Vitz anayejifunza kubadilisha breki zake, kisha watu ambao hakuwajua. Alizipaka rangi ya njano zisipotee. Sasa zinashuka bondeni na kupanda kilima bila yeye, zinapita geti hadi geti, na daftari limejaa majina na tarehe, mengine yameandikwa na waazimaji wenyewe.

Jumamosi iliyopita gari lake mwenyewe lilianza kulia upande wa nyuma. Akatoa jeki, akakinga kabari, akafungua daftari. Stendi zilikuwa kwa dada wa Vitz, tangu Alhamisi. Alimpigia simu, dada akasema, shikamoo mzee, samahani, bado niko upande wa kushoto, kama saa mbili hivi. Fundi akairudisha jeki ndani, akavuta kiti kivulini.