Barua kwa mpwa wangu wa Nkwenda

Mwanza

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na swali lako ni zito: ikiwa hizi RNA ndefu zisizotengeneza protini ndizo zinazokuza saratani ya kibofu cha mkojo, kwa nini mkojo wa babu yako usipimiwe hapo hapo hospitali ya Nyakahanga, mzee akaepushiwa basi la kuja hospitali ya Bugando, huku Mwanza?

Darasani mmefundishwa kwamba DNA hunakiliwa kuwa RNA, RNA ikasomwa, protini ikatoka. Ni kweli, ila hiyo ni habari ya sehemu ndogo tu. Chini ya asilimia 2 ya DNA yetu ndiyo yenye maelekezo ya protini. Sehemu kubwa ya iliyobaki nayo hunakiliwa, na nakala zenye herufi zaidi ya 200 zisizozaa protini ndizo hizo ulizosoma. Zamani ziliitwa takataka. Sisemi zote zina kazi. Nyingi huenda ni makelele matupu. Lakini chache zimekamatwa zikiwa kazini, na kibofu kimetoa mfano mzuri.

Mwaka 2006 watafiti wa China walitangaza moja waliyoiita UCA1. Kwenye kibofu kizima haionekani sana, ila kwenye uvimbe wa saratani imejaa, na hata mkojoni hupatikana. Ndani ya seli kuna RNA nyingine fupi mno, za herufi 22 hivi, ambazo kazi yake ni kuzuia jeni fulani zisizidishe. Mojawapo ni miR-16. UCA1 huikamata na kuishikilia. Ni kama siku ya kupima kahawa pale AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima: mkaguzi wa unyevu ameshikwa maongezi nje na mtu wa maneno mengi, huku magunia ya maganda mabichi yanapita mizani moja baada ya jingine. Jeni zilizotakiwa kuzuiwa zinajiendea tu. Nyingine, miR-143, hupungua UCA1 inapozidi. Hapo kimeng'enya kiitwacho heksokinasi 2 huongezeka, na seli hula sukari kwa pupa. Baya zaidi, seli zenye UCA1 nyingi huhimili sisplatini, na hiyo ni dawa inayotegemewa sana kwa saratani hii.

Iko pia H19, ambayo hufanya kazi mtoto akiwa tumboni kisha hulala katika viungo vingi. Saratani ya kibofu huiamsha. Wanasayansi wa Israeli walichukua swichi ya H19 wakaiunganisha na sumu ya dondakoo, wakaipeleka kibofuni kwa mrija, ili sumu itengenezwe ndani ya seli zilizoamsha swichi hiyo na si kwingine. Nililipenda sana wazo hilo. Mwaka 2019 jaribio lilisimamishwa, kwa kuwa matokeo hayakuelekea kufikia lengo.

Basi jibu la swali lako ni hapana, bado. RNA huharibika upesi, na sampuli ikitakiwa kutunzwa huhitaji jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Na hata mkojo ukipimwa, daktari atataka kupitisha kamera kibofuni, aone kwa macho yake na akate kinyama cha kupima.

Lakini kuna jambo linalonikera, na ndilo ningependa ulichukue ukienda chuo. Tafiti nyingi za RNA hizi zimefanywa China, juu ya saratani inayoanzia kwenye utando wa ndani wa kibofu, ile inayohusishwa sana na tumbaku. Ya babu yako naiweka huko, maana kiko hakijamtoka mdomoni tangu nimjue. Sumu ya moshi huchujwa na figo, kisha hukaa kibofuni kwa saa kadhaa. Ila huku Kanda ya Ziwa, na Unguja na Pemba, kuna kichocho cha mkojo. Mayai ya minyoo hukwama ukutani mwa kibofu miaka na miaka, na saratani inayozaliwa hapo mara nyingi ni ya seli bapa, aina nyingine kabisa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimtaja mnyoo huyo kuwa kisababishi tangu 1994. Je, UCA1 ina kazi ile ile humo? Wenye wagonjwa hao ni sisi, kwa hiyo wa kuuliza ni sisi.

Kuhusu mzee: damu kwenye mkojo bila maumivu isimpe faraja. Mwambie mama yako aache kumnunulia vidonge vya gono dukani. Aje na rufaa, karatasi zote za vipimo na kadi ya bima. Yeye na atakayemsindikiza wapande basi Omurushaka alfajiri, nitawapokea stendi. Kiko kibaki nyumbani, hata akinuna.

Mjomba wako