Kadena iliyokwama: safisha kwanza, usivunje

Jamaa wasikilizaji wa Salamabila, na ninyi ambao mungali Kasongo, Kindu na Kalemie, leo siongei habari za bunduki wala za dhahabu ya Namoya. Naongea juu ya kadena, ile wengine wanaita kufuli.

Kila mara familia zikirudi, nasikia jiwe likigonga chuma. Ufunguo ulipotea njiani, ao uko lakini hauzunguki. Basi wanavunja. Usiku ule nyumba inalala wazi, na kadena mpya inakula pesa ya unga wa mihogo. Mimi naona mara nyingi kadena ile haikuwa imekufa. Ilikuwa chafu tu.

Ndani mna vijiti vidogo, kwa kawaida vinne ao vitano, kila kimoja na resori yake. Namna hiyo ilienea kwa kazi ya Linus Yale wa Marekani, miaka ya 1860. Ufunguo unapandisha kila kijiti mpaka kipimo chake. Kimoja kikiganda, kadena nzima inakataa. Na kwetu vumbi jekundu la kiangazi linaingia, mvua inaligeuza udongo, kutu inamalizia.

Niliketi na fundi mmoja wa soko ambaye anafundisha vijana kufungua bila ufunguo. Sharti lake: wanajizoeza na kadena ya zamani iliyo mkononi, hapana iliyo mlangoni, na wanaisafisha kwanza. Kadena chafu inadanganya kidole. Hujui kama umegusa kijiti ao udongo, unasukuma kwa nguvu, resori inapinda.

Anaigonga juu ya ubao, tundu likitazama chini, anasugua na mswaki mzee. Halafu anaingiza mafuta ya taa kwa seringi isiyo na sindano (seringi hiyo isirudi tena kwa dawa), mbali na moto, anaacha mpaka asubuhi. Kama ufunguo uko, anauingiza na kuutoa mara nyingi bila kuuzungusha. Anarudia mpaka maji mekundu yaishe, anaanika juani. Mwisho, unga wa krayoni: sugua krayoni juu ya ufunguo, ingiza. Tone la mafuta ya cherehani liende kwenye chuma cha juu tu, kwa sababu mafuta na unga wa krayoni vikichanganyika vinakuwa tope.

Na mawese, mama zangu, hapana! Najua ndiyo mafuta yaliyo karibu, lakini yanaganda na kushika vumbi.

Wengine watauliza: unafundisha wezi? Mwizi wa huku anakuja na chuma cha kubomolea, hana uvumilivu wa kukaa na waya mbili akisikiliza vijiti. Lakini swali ni la haki. Kwa hiyo ukimwita kijana akufungulie, iwe mchana, mlango ni wako, na kapita ao jirani anaona.

Na ukikuta mlangoni kadena ambayo siyo ile uliyoacha, usiiguse hata kama nyumba ni yako. Labda kuna watoto wanalala humo, nao walikimbia kwao. Nenda kwanza kwa kapita, pamoja na mtu anayekumbuka ulipojenga.