Siku Nne za Kungoja Nairobi

Tulimpeleka mama watoto Nairobi kwa matibabu, tukaambiwa tungoje majibu siku nne. Basi tukaona heri kutembea, polepole, kwa kadiri ya nguvu zake.

Tulianzia Msikiti wa Jamia, uliokamilika mwaka 1933, wenye kuba tatu na minara miwili. Kisha Bustani ya Jeevanjee, mwendo mfupi kwa miguu. Kiwanja hicho alikitoa Alibhai Mulla Jeevanjee, tajiri Mwislamu mzaliwa wa Karachi, mwaka 1906, kiwe cha watu wote. Mwaka 1991 palikusudiwa kujengwa maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama kidete pamoja na wenzake, na bustani ikasalimika. Mgonjwa wetu alitazama vibarua waliojilaza kivulini, akauliza, "Bwana, na ule mwembe wa marehemu baba?"

Hatukujibu. Sisi na ndugu zetu tulikwisha kukubaliana ukatwe, tujenge maduka ya kupangisha, ilhali watoto wa mtaa mzima huchezea chini yake na wazee huketi hapo wakingoja Alasiri.

Siku ya tatu tulielekea magharibi ya mji, hadi Arboretamu, msitu mdogo ulioanzishwa 1907 ili kujaribiwa miti itakayoifaa reli. (Mwenye ndizi na ajihadhari: tumbili wa huko hawabishi hodi.) Mama watoto alitembea kuliko tulivyotazamia.

Majibu yalikuwa mema, alhamdulillahi. Kabla ya kupanda treni ya Mombasa tuliwapigia ndugu zetu simu, tukawaomba mkata miti asije Jumatatu.